Kampuni na Wale Wasiozaliwa Bado



Mzee mmoja, aliyekuwa kapita wa kazi katika mashamba ya kinkina tangu ujana wake, aliniuliza swali siku ya Dominika baada ya Misa. Tulikuwa tumesimama chini ya ukuta wa kanisa tukingoja mvua ipungue. Akasema: “Mwalimu, mwanangu, wewe uliyesoma seminari, niambie neno. Mtu akiiba mali ya jirani, twajua ni dhambi. Akiiba mali ya yatima, dhambi yake yazidi. Lakini akila mali ya mtoto ambaye hajazaliwa bado, amemwibia nani?”

Nilimjibu upesi, kama tufanyavyo sisi makatekista tukiulizwa jambo tusilolifikiri. Nikasema: “Baba, amemkosea Mungu.” Mzee akatikisa kichwa. “Hayo nayajua. Nimeuliza amemwibia nani.” Mvua ikakatika, akachukua fimbo yake akaenda zake. Nami nikabaki na swali lake.

Siku hizi makampuni makubwa yana neno moja yanalolipenda sana, ndilo uendelevu. Lilienea sana tangu mwaka wa 1987, wakati tume moja ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na mama wa Norway, Gro Harlem Brundtland, ilipoeleza kwamba maendeleo yaliyo ya haki ni yale yanayowalisha watu wa leo bila kuwanyima wa kesho riziki yao. Basi neno hilo laandikwa katika kuta za ofisi, na katika taarifa za mwaka, karibu na picha ya jani la kijani. Sina nia ya kuwacheka wenye kuliandika. Lakini mimi nimepata kuwa karani, nami najua kwamba neno lililoandikwa ukutani na neno lililoandikwa katika kitabu cha hesabu ni maneno mawili mbalimbali. La ukutani halimnyimi mtu usingizi.

Mzee wangu hakusoma taarifa hizo. Aliufikiri mti tu. Natuufikiri pamoja naye, maana mti ule una mafundisho.

Mti wa kinkina si wa kwetu. Asili yake ni milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini. Ganda lake ni chungu kama nyongo, na ndani ya uchungu ule Mungu aliweka dawa ya malaria. Katika karne ya 17 Wajesuiti waliokuwa Peru walilipeleka ganda lile Ulaya, na mjini Roma kardinali mmoja Mjesuiti, Juan de Lugo, aliwagawia maskini waliougua homa, hata watu wakaliita ganda la Wajesuiti. Mwaka wa 1820 wataalamu wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa kinini yenyewe katika ganda.

Yasimuliwa kwamba Wajesuiti wale waliwafundisha wakataji desturi moja: kwa kila mti wanaouangusha, wapande mitano, kwa mfano wa msalaba, mmoja katikati na minne kuuzunguka. Desturi ile ilikuwa sala na hesabu kwa pamoja. Lakini haikushika. Waliokuja baadaye walikuwa na haraka. Walikata, wakamenya, wakasonga mbele kutafuta msitu mwingine. Kinkina ya kule ikapungua vibaya, mpaka katika karne ya 19 Waingereza na Waholanzi wakachukua mbegu wakazipanda India na Java. Java ikawa ghala ya kinini ya dunia nzima. Mwaka wa 1942 Wajapani walipoiteka Java, ghala ile ikafungwa, na mataifa yaliyokuwa vitani yakatafuta kinini pengine. Hapo ndipo vilima vyetu vya Kivu, ambavyo baridi yake yaufaa mti ule, vilipopata kazi kubwa. Miaka ile ya 1940 ndiyo iliyozaa kampuni ya Bukavu ambayo baadaye iliitwa Pharmakina, na vizazi viwili vitatu vya watu wa Kabare na Walungu vimekula mkate wa ganda lile.

Sasa angalieni. Kwa mtu wa kampuni, shida ya mti huu ni kwamba haukubali kuharakishwa. Ukipanda mche leo, utangoja miaka saba, nane, hata zaidi, kabla ganda lake halijafaa kupelekwa kiwandani. Mkubwa anayepanda leo, pengine siku ya kuvuna atakuwa amekwisha kuhamishwa, au amestaafu, au amekufa. Tena hesabu ya mwaka haiuoni mti mchanga. Yaona mishahara ya wapandaji tu. Kwa hiyo mkubwa apandaye aonekana mharibifu wa fedha, na yule asiyepanda aonekana hodari. Miaka saba mfululizo kampuni isiyopanda hutajirika kuliko ile ipandayo, na watu huisifu. Mwaka wa nane hakuna ganda.

Mzee aliniambia kwamba wakati wa vita aliona watu wenye njaa wakiingia mashambani na mapanga, wakamenya hata miti ya miaka mitatu, ambayo ganda lake halina dawa ya kutosha. Wakauza kwa bei ya bure. Akasema hawezi kuwalaumu sana wale, maana walikuwa na njaa kweli. Aliowalaumu ni wengine, waliokuwa na shibe, wakafanya vile vile kwa kalamu.

Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati iko amri moja ndogo, ambayo wengi huipita bila kuiona. Mtu akikuta kiota njiani, na mama ya ndege amewalalia makinda au mayai, aweza kuyachukua makinda, lakini amwache mama aende zake. Huwa nawasomea wakatekumeni sura ile, nao hucheka, kwa kuwa hawakudhani Mungu ajishughulisha na viota. Nami husema: oneni, Mungu hakumkataza mtu kula. Alimkataza kumla yule azaaye. Na kitabu hicho hicho chakataza kuikata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji kwa vita. Basi tofauti kati ya tunda na kile kizaacho tunda haikuletwa na wataalamu wa leo. Ilikuwako tangu Musa.

Niruhusiwe sasa kusema la kwangu, ingawa si la kunipa sifa.

Zamani kidogo nilikuwa karani wa karakana ya useremala ya parokia moja, ambayo sitaitaja. Mapadri wa kale walipanda mikaratusi katika mteremko nyuma ya misioni, nasi tulipasua mbao zake tukatengeneza madawati, milango, na masanduku ya maiti. Kila mwisho wa mwezi niliandika: tumeuza hiki, tumelipa mishahara hii, kimebaki hiki. Kilichobaki niliandika faida. Padri paroko alifurahi, halmashauri ikafurahi, na siku ya Mtakatifu Yosefu wafanyakazi walipata nyongeza na nyama. Miaka mitano ilikwenda hivyo. Siku moja mpasuaji mbao wetu alikuja ofisini na kofia mkononi, akasema: “Mwalimu, miti iliyobaki haimalizi miaka miwili.”

Nilifungua vitabu vyangu usiku ule. Sikukuta uongo hata wa franka moja. Jumla zote zilikuwa sawa. Walakini kitabu chote kilikuwa cha uongo, kwa kuwa miti iliingia katika hesabu bila bei, kana kwamba imeshuka kutoka mawinguni. Sikuandika popote kwamba tuliangusha mingi na kupanda hakuna. Nilichoita faida hakikuwa faida. Tulikuwa tukimla mama na kumwandika kuwa makinda. Isitoshe, mteremko uliokwisha kuvuliwa miti ulianza kumomonyoka wakati wa masika, na udongo ukashuka mpaka shamba la mjane mmoja, ukalifunika. Mjane yule naye hakuwamo katika hesabu yangu.

Tukafanya mkutano. Shauri lililoletwa lilikuwa hili: katika kila mbao kumi, bei ya moja iende kwa kitalu cha miche na kwa kazi ya kuishika ardhi ya mteremko, na kwa miaka mitatu hakuna nyongeza. Seremala mmoja, baba ya watoto saba, alisimama. Akasema kwa upole, wala hakukasirika: “Mwalimu, wewe wawahurumia watoto wasiozaliwa. Wangu wamekwisha kuzaliwa, na wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za shule.”

Sikuwa na jibu. Hata leo sina jibu lote. Padri alisema sehemu ya kwanza itolewe katika fungu la misioni yenyewe, yaani ukarabati wa nyumba ya mapadri ungoje. Na bei ya milango ipandishwe kidogo kwa wale wenye uwezo. Hivyo mzigo wa wafanyakazi ukapungua, lakini haukwisha. Seremala yule alituacha kabla ya mwaka kumalizika, akaenda kuchimba dhahabu. Alikuwa fundi bora kuliko wote. Jambo hilo lanisumbua, wala sitaki mtu aniambie kwamba lisinisumbue.

Kwa hiyo nisomapo katika vitabu vya uongozi kwamba kampuni yaweza kuutia uendelevu katika mipango yake na wote wakapata faida, mkubwa na mdogo, wa leo na wa kesho, nasema: mara nyingine ndiyo, lakini si siku zote. Pengine lazima mtu akose kitu. Basi swali la haki ni: nani akose kwanza? Kama wa kwanza kukosa ni fundi wa mishahara ya chini, na wa mwisho ni yule aliyeandika neno ukutani, mambo yamegeuzwa juu chini.

Turudi kwa mzee. Amemwibia nani?

Wako wasemao: asiyekuwako hana mali, na asiye na mali haibiwi. Maneno hayo yafanana na hekima. Lakini kwetu Bushi twajua bugabire. Mtu amekabidhiwa ng'ombe wa mwingine. Amlisha, amnywesha, anywa maziwa yake, atumia samadi yake katika migomba. Hakuna amwitaye mwizi kwa kunywa maziwa. Lakini hawezi kumchinja ng'ombe yule akagawa nyama, kisha akasema: “Mwenye kumpokea baada yangu hajulikani bado, basi sikumdhulumu mtu.” Amemdhulumu aliyemkabidhi. Na kwa njia ya huyo amewadhulumu wote ambao mwenye ng'ombe alitaka wafaidike naye, hata kama majina yao hayajatajwa.

Mababa wa Eklezya walifundisha kwamba Mungu aliwapa watu wote vitu vya dunia, na kwamba haki ya mtu kuwa na mali yake haivunji karama hiyo ya kwanza. Wote ni wote. Hakuandika: wale watakaoishi mpaka mwaka fulani. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka wa 2025, alilieleza jambo hili waziwazi katika barua yake Laudato si' ya mwaka wa 2015: kuwatendea haki watakaotufuata si wema wa kuchagua, kwa sababu dunia tuliyoipokea ni yao pia. Basi jibu langu la haraka chini ya ukuta wa kanisa halikuwa baya. Nilisema amemkosea Mungu, na ni kweli. Ila sikujua nimesema nini. Amemkosea Mungu kama mtu amkoseavyo mwenye ng'ombe.

Lakini hapo mwingine atasimama na kusema: “Hayo yafaa kwa mtu. Kampuni si mtu. Kampuni ni karatasi yenye muhuri. Haina roho, haiendi mbinguni wala motoni. Wakubwa wake hubadilika kila miaka michache. Nani basi amekabidhiwa ng'ombe?”

Neno hili ni gumu, na nimelifikiri muda mrefu. Nimepata mwanga katika jambo lililotokea hapa kwetu. Kati ya 1999 na 2003, wakati wa vita, wafanyakazi wengi wa kiwanda cha bia cha Bralima hapa Bukavu waliondoshwa kazini. Watu 168 miongoni mwao walidai kwamba waliondoshwa bila haki. Hawakuchoka. Mwaka wa 2015 walipeleka mashtaka yao Uholanzi, mbele ya ofisi ya serikali ile inayosikiliza malalamiko juu ya makampuni ya kimataifa, kwa kuwa Bralima ilikuwa chini ya Heineken. Mwaka wa 2017 pande mbili zikapatana, na Heineken ikaahidi pia kuzitengeneza upya kanuni zake za kufanya kazi katika nchi zenye vita. Tazameni vizuri. Kutoka mwaka wa kwanza wa mambo yale mpaka mapatano ilipita miaka 18. Deni halikufa kwa sababu ya miaka, wala kwa sababu ya kubadilishwa kwa wakubwa.

Basi nauliza: ikiwa kampuni yaweza kuwa na deni la jana, lililofanywa na watu walioondoka, kwa nini isiweze kuwa na deni la kesho kwa watu wasiofika bado? Kamba ni ile ile. Yaenda nyuma na yaenda mbele. Kampuni ipendayo kuitwa moja ile ile inapodai fedha zake za zamani, haiwezi kujifanya karatasi tupu inapodaiwa. Dhambi yenyewe, ndiyo, hukaa katika mioyo ya watu wenye majina. Lakini watu huweza kujenga desturi za kazi ambazo humsukuma hata mtu mwema kutenda vibaya bila kujua, kama kitabu changu cha hesabu kilivyonisukuma mimi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliziita desturi za namna hiyo miundo ya dhambi. Na muundo haugeuki kwa kutubu peke yake. Wapaswa kuvunjwa na kujengwa upya, kama ukuta.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Kampuni hugeuza maneno, haigeuzi kitabu. Mimi ningemwuliza mkubwa yeyote maswali machache ya karani. Wewe wasifiwa kwa hesabu ya miaka mingapi, mmoja au kumi? Mti uliokatwa, ardhi iliyomomonyoka, maji yaliyochafuka, vimeandikwa ukurasa wa ngapi? Na kapita aliyeko shambani, anayeona kwa macho yake kwamba miti haitoshi, aweza kufika mlangoni kwako bila kuogopa kufukuzwa? Kwetu mpasuaji mbao ndiye aliyejua. Alijua mwaka mzima kabla ya kusema, na nilipomwuliza kwa nini alinyamaza, alijibu: “Hakuna aliyeniuliza.”

Kuhusu ukurasa wa maji yaliyochafuka, sisi wa Bukavu hatuna haja ya kwenda mbali. Mto Ruzizi watoka katika ziwa letu, na juu yake yako mabwawa ya umeme: la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili, la Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, lilianza kazi mwaka wa 1989. Chupa na mifuko ya plastiki tutupayo katika mifereji ya Kadutu na Bagira hushuka na mvua mpaka ziwani, na kutoka ziwani mpaka bwawani, ikaziba mitambo. Mara nyingi imewabidi watu wazame majini kuitoa kwa mikono. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko na vifungashio vya plastiki. Ng'ambo ya mto, Rwanda ilikwisha kuikataza mwaka wa 2008, na avukaye daraja huona tofauti kwa macho. Muuzaji wa kinywaji ameandika faida. Mnywaji ameburudika. Gharama imeandikwa katika giza la nyumba zetu, na katika daftari ya mtoto anayejisomea kwa mshumaa. Tusiwalaumu wenye viwanda peke yao. Nimeona kwa macho yangu chupa zikirushwa kutoka dirisha la gari lililowabeba wanakwaya.

Watauliza wengine juu ya dhahabu, maana dhahabu haioti tena. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kutoa dhahabu Twangiza, huko Luhwindja, mwaka wa 2011. Jamaa nyingi zilihamishwa kutoka makao yao na kupelekwa Cinjira. Na mwishoni mwa 2017 kampuni ile iliomba mahakama ya Kanada iilinde na wadai wake. Miaka sita tu. Kitu kisichoota, haki yake ni moja nionavyo mimi: kinapotoka ardhini, lazima kigeuzwe kuwa kitu kingine kinachobaki kwa wenye ardhi, kama shule, barabara, maji, ufundi mikononi mwa vijana. Kama sivyo, mlima umeondoka na shimo ndilo urithi.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo lafaa kutajwa kwa sababu huvaa nguo nzuri. Mtu aweza kuwadhulumu walio hai kwa jina la wasiozaliwa. Bustani ya taifa ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka wa 1970, ili msitu na sokwe wakubwa wahifadhiwe kwa vizazi. Jambo jema. Lakini ndugu zetu Watwa, walioishi katika msitu ule tangu mababu, walifukuzwa humo, wakawa watu wasio na ardhi pembezoni mwa vijiji vya wengine. Mwaka wa 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyosema kwamba haki zao zilivunjwa. Tuliwanyang'anya maskini kuliko wote wa leo ili kuweka akiba ya kesho, wala hatukuwauliza. Yule seremala wangu alikuwa amenionya juu ya kosa hilo hilo, ila kwa kipimo kidogo.

Nimebakiza swali moja, ambalo hapa mjini husemwa zaidi ya yote. Watu husema: “Kupanda ni kwa nchi zenye amani. Hapa nani ajuaye kesho?” Siwezi kuwacheka. Mwezi wa Februari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa M23; mabenki yakafunga milango; na mwezi wa Juni mwaka ule Heineken ikatangaza kwamba viwanda vya Bralima hapa na Goma haviko tena chini ya uongozi wake. Kabla ya hapo tuliona vita vya 1996 na vya 1998. Mwenye duka huuza akiba yote upesi, mwenye shamba hukata mti mchanga kuchoma makala, kwa sababu kesho mwingine ataukata. Hofu hii ni mwalimu mkali, naye hufundisha neno moja tu: kula sasa.

Yeremia nabii alikuwa gerezani, na jeshi la Wababeli limeuzingira Yerusalemu. Ndugu yake akamjia akamwambia: ninunulie shamba langu la Anatoti. Shamba ambalo adui alikuwa akilikanyaga! Yeremia akapima fedha, akalinunua mbele ya mashahidi, na hati za ununuzi akaamuru ziwekwe katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Nilipokuwa seminari nilidhani tendo lile ni la kiroho tu. Leo naona kwamba lilikuwa pia la karani: mashahidi, mizani, hati, mahali pakavu pa kuihifadhi. Nabii alijua mji utaanguka, na alisema hivyo. Wala hakungoja amani ndipo anunue.

Hata mashamba ya kinkina yana kisa cha namna hiyo. Mwaka wa 1999, katikati ya vita, wenye Pharmakina wa ng'ambo hawakuitaka tena, na viongozi wawili waliokuwa wakiiendesha hapa waliinunua. Wakaendelea kupanda mti wa miaka minane katika nchi isiyojua miezi minane ijayo. Mwaka wa 2005 wakaanza kutengeneza hapa hapa dawa za kupunguza nguvu ya sida. Na ilikuwa bahati kufikiri mambo mapya, maana mwaka wa 2011 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba watoto wa Afrika wenye malaria kali watibiwe kwa artesunate badala ya kinini, na bei ya ganda haikuweza kuwa ile ya zamani. Kudumu, basi, si kung'ang'ania kitu kile kile. Hata mti wa baba ukiisha kazi, ardhi yake bado yapaswa kulindwa kwa ajili ya mti mwingine.

Dominika iliyofuata nilimtafuta mzee, nikampelekea jibu langu la bugabire. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake chini. Sikujua kama ameridhika. Kisha akauliza: “Na ile miche ya mikaratusi, mliipalilia?” Nikasema karakana ile niliiacha, lakini nasikia miche ya mteremko wa chini, juu ya shamba la mjane, imesongwa na majani. Akaniuliza njia ya kufika. Jumatatu asubuhi nilimkuta njiani mbele yangu, na jembe begani.